Ndege Aliyevaliwa na Mwali

Mwanamke akimpenda mwindaji, hula nyama. Akimpenda mkulima, hula muhogo na ndizi, na mwaka wa mvua nzuri hula mpaka akasahau njaa inaitwaje. Shamsia binti Ahmadi wa Bigwa alimpenda mtu wa kuchora ndege, basi akawa anakula kwa macho. Na macho, kama mjuavyo, hayana tumbo.

Mtu mwenyewe aliitwa Mwinjuma, mzaliwa wa Mlali, mrefu, mwembamba, mwenye vidole ambavyo wazee wa Bigwa walivitazama mara moja wakasema havifai jembe. Alikuwa ameajiriwa na Mdachi mmoja aliyejenga nyumba ya bati mjini, upande wa reli. Watu walimwita Mdachi huyo Bwana Manyoya, kwa kuwa kila ndege wa milima ya Uluguru aliyemwona alimpiga bunduki, akamchuna, akamjaza pamba, akamfunga kikaratasi mguuni kama mzigo wa stesheni. Sasa ndege akifa, rangi ya jicho lake hufa naye. Kabla ugali haujaiva, jicho lililokuwa dhahabu limekuwa maji ya tope. Hapo ndipo Mwinjuma alipohitajika. Alikaa kando ya bunduki na kibao chake na rangi zake, na ndege akianguka, yeye alichora jicho kwanza, mwili baadaye.

Kazi hiyo aliichukia kadiri alivyoipenda. Alimwambia Shamsia siku moja kwamba yapo mabonde aliyoyachora mpaka yakanyamaza. Alikuwa akimwomba Bwana Manyoya amwache achore ndege wakiwa hai juu ya miti, wabaki huko huko na mayai yao. Bwana Manyoya alimjibu kuwa picha isiyo na ngozi ni umbea tu, na huko kwao Ulaya watu hawanunui umbea. Nafikiri alikuwa hajakaa sana na watu wa kwao.

Juu ya Bigwa, pale mlima unapoanza kupanda kwa hasira, ukoo wa kina Shamsia una msitu wao. Humo wamezikwa mabibi, mama wa mama zao, kurudi nyuma mpaka kwa yule wa kwanza aliyewasha moto mahali hapo. Mwanamume haingii, awe mume, awe mjomba, awe nani. Hapakatwi fito wala hapaokotwi kuni. Ndiyo maana miti yake ni minene kuliko ya mahali pengine, na ndiyo maana anaishi humo ndege ambaye Mwinjuma, aliyeuzunguka mlima mzima, hakuwahi kumwona kwingine: kofia nyeusi, mgongo wa kijani cha jani la mgomba, kifua cha manjano kama kiini cha yai.

Mtaniuliza Mwinjuma alimwonea wapi, na mwanamume haingii. Aliingizwa. Aliyemwingiza ni Shamsia, siku chache kabla hajawekwa ndani mwali, na walikaa humo tangu umande mpaka jua la utosi, wakimtazama ndege. Nimesema wakimtazama ndege. Anayecheka na acheke.

Mambo yaliharibika siku ya kumtoa mwali. Desturi ya siku hiyo ni kwamba alichopewa mwali hakifichwi. Aliyetoa shanga, zitavaliwa. Aliyetoa kanga, itatandwa. Hata aliyetoa kuku, kuku atabebwa mbele ya watu akipiga makelele yake. Kibwana wa Mwembesongo, mtu mwenye mbuzi wengi na maneno machache, alileta kanga na mkufu wa fedha. Mwinjuma alileta karatasi. Alikuwa amemchora yule ndege wa msituni, hai, jicho likikutazama kama linataka kukuuliza umeamkaje. Alimpelekea Shamsia kwa siri aiweke sandukuni. Lakini Bi Asia, somo aliyemfunda Shamsia ndani, mwanamke aliyeijua desturi kuliko alivyoijua huruma, aliikuta chini ya mkeka, akauliza ni kitu gani, akaambiwa ni zawadi. Kama ni zawadi, basi ivaliwe. Akaipachika kwa mwiba wa mlimau katikati ya kifua cha mwali, juu ya kanga ya Kibwana. Shamsia alitoa macho, lakini mwali siku ya kutolewa hasemi.

Bwana Manyoya alikuja kutazama ngoma, kiti chake kikibebwa nyuma yake. Mwali alipokalishwa mkekani atunzwe, Mzungu aliinuka, akavaa miwani, akainama mpaka pua yake ikawa karibu kugusa kifua cha mtoto wa watu. Wanawake walicheka hadi wengine wakakaa chini, maana walidhani wanajua anachokitazama. Mjomba wa mwali, Hatibu, alishika fimbo yake vizuri. Shamsia peke yake ndiye aliyeyaona macho ya Mzungu kwa karibu, akajua kwamba kifua hakukiona kabisa.

Mzungu aliuliza ndege huyo yuko wapi. Videvu vyote vya Bigwa vikamwelekea Mwinjuma. Mwinjuma akajibu bila kupepesa kwamba alimwona mbali, milima ya Nguru, zamani alipokuwa mpagazi. Bwana Manyoya akaichomoa karatasi kifuani pa mwali, akaitia katikati ya kitabu chake, akaamuru mizigo ifungwe. Kesho yake safari ya Nguru.

Kesho hiyo ikafika, kwa sababu kesho mbaya haikosi njia. Asubuhi Bi Asia alimpeleka Shamsia kijitoni kuoga, kama inavyompasa somo kwa mwali aliyetoka jana. Walimkuta Mwinjuma amekaa juu ya jiwe, furushi lake miguuni. Bi Asia alimtazama kama mtu aliyeona jivu ndani ya mchuzi. Kisha akasema amesahau sabuni, akashuka kuitafuta kijito kinakoteremkia, huko mawe yanakoishia, mahali ambapo tangu dunia iumbwe hapajawahi kuwa na sabuni.

"Habari za safari yako nimezipata kwa wachota maji," Shamsia alisema.

"Nimekuja sasa."

"Umekuja na furushi."

Shamsia akakaa kwenye jiwe la pili, maji yakapita kati yao. Alikuwa amesuka nywele za mwali, ngozi yake iking'aa kwa mafuta, na kwa muda mrefu ndani ya nyumba ile yenye giza alikuwa ameipanga siku hii kichwani: atakavyomtazama, atakavyojifanya hamwoni, atakavyomwona. Mpango ule haukuwa na furushi.

"Huyo ndege, Nguru yuko?" aliuliza.

"Sijui. Nguru sijawahi kufika."

Shamsia alicheka kabla hajajizuia. Halafu akaona hakuna cha kuchekesha, na kicheko kikamfia kinywani.

"Sasa mtamtafuta mpaka lini?"

"Mpaka yeye achoke."

"Anachoka huyo?"

Mwinjuma akayatazama maji. Akamsimulia kwamba Bwana Manyoya aliwahi kumfuata kipepeo mmoja kiangazi hadi kiangazi, akiugua homa, akibebwa kwa machela, na wavu hakuuacha mkononi. Wakimkosa ndege Nguru, atasema twende Ukaguru. Wakimkosa Ukaguru, atatazama ramani yake atafute mlima mwingine.

"Mwambie ulimtunga," Shamsia alisema. "Mwambie hakuna ndege kama huyo popote, ni kichwa chako tu."

"Nimemwambia leo alfajiri. Nimeapa."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akafungua kitabu chake, akaweka kidole kwenye jicho la picha. Akasema, Mwinjuma, kichwa cha mtu hakitungi jicho hili. Huyu alikutazama."

"Laiti ungekuwa mchoraji mbaya," Shamsia alisema.

"Laiti."

Akamwambia basi asiende, ajifiche kwao Mlali, ajifanye mgonjwa, avunjike mguu, watu huvunjika. Mwinjuma alikuwa ameyapita hayo yote usiku, moja baada ya jingine, kama mtu anayejaribu milango. Akibaki yeye, Mzungu atabaki, na akibaki ataanza kuuliza. Atauliza wachoma mkaa, atauliza wanawake wa kuni, na siku moja atatokea mmoja aseme kwamba juu ya Bigwa kuna ndege analia ambaye hatumjui. Siku hiyo bunduki italia juu ya makaburi ya mabibi, na ndege wenyewe hawazidi wa kujaza kapu.

"Nikienda mbele yake, atanifuata mimi," alisema. "Hiyo ndiyo dawa pekee niliyoiona. Ni dawa mbaya."

"Basi mjomba aambiwe. Akijua kwa nini umeondoka, ataningojesha."

Hata yeye mwenyewe alipoyasema hayo aliona ujinga wake. Mjomba Hatibu alikuwa na moyo mwema na kinywa kisicho na mlango. Baba yake Shamsia, mzee Ahmadi, alipopata busha, alimwambia shemeji yake huyo kwa siri wakiwa wawili tu shambani. Kabla ya Ijumaa, soko zima la Mwembesongo lilikuwa likimpa pole na kumwekea kiti chenye mto. Mjomba akilijua neno hili, mjini litafika kabla yake. Na mtu aliyemdanganya Mzungu alijua kinachomngoja bomani: atalazwa chini, apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na baada ya hapo ataulizwa njia ya msituni, naye ataionyesha. Na watu watauliza tena mwanamume aliionaje njia hiyo, na nani alimshika mkono.

"Kwa hiyo nisiseme," Shamsia alisema.

"Usiseme."

"Wakikutukana?"

"Wanitukane."

"Wakiniposa?"

Ndege Mwinjuma angejua kumchora, mvua angejua kuichora, lakini swali hilo lilimshinda. Mwishowe akasema, "Ningekuwa na haki ya kukuambia, ningekuambia unisubiri."

"Niambie."

"Nisubiri."

"Mpaka lini?"

Badala ya kujibu alivuka maji, viatu vyake vikalowa, akamshika uso kwa vile vidole visivyofaa jembe. Akayatazama macho yake kwa namna aliyozoea kuyatazama ya ndege aliyeanguka, kwa haraka, bila kupumua, kama mtu anayejua kwamba rangi ina muda mfupi.

"Usinitazame hivyo," Shamsia alimwambia. "Mimi sijafa."

Huko chini Bi Asia alikohoa, kikohozi cha mtu aliyekosa sabuni ya kutosha. Mwinjuma akaokota furushi. Alipanda ukingo bila kugeuka, na Shamsia alimshukuru kwa hilo na kumlaani kwa hilo hilo.

Alasiri ya siku hiyo watu walikusanyika uani kwa kina Shamsia. Mjomba Hatibu alikaa kwenye kiti kikubwa, kwa sababu kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mzee Ahmadi, baba, alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, kama mgeni anayejua njia ya jikoni. Alikuwepo mwalimu wa chuo aliyewasomesha watoto wa Bigwa Kurani. Alikuwepo mshenga wa Kibwana, amevaa kanzu iliyopigwa pasi ikapigika. Na kwenye sinia la pilau, bila kualikwa na mtu, alikuwepo Lukasi, mpishi wa Bwana Manyoya, aliyeachwa mjini kulinda nyumba. Mikono ya Lukasi iliajiriwa na Mzungu, na masikio yake pia.

Shamsia aliletwa na Bi Asia, kichwa kimefunikwa. Akamwamkia mjomba shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakalishwa.

Mshenga alisema maneno mazuri, nayo yalikuwa kweli. Kibwana hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, mambo yangekuwa mepesi. Watu wakamsema Mwinjuma: kwamba mwali katoka jana, yeye leo kafuata manyoya, kwamba mwanamume anayetembea na Mzungu kutafuta kindege, hata akirudi, amerudi na nini, kwamba vidole vile vilishasema mapema. Shamsia aliyasikia yote, kucha zake zikiwa zimezama viganjani.

Mjomba Hatibu akainua mkono, watu wakatulia.

"Mpwa wangu," alisema, "mimi si jiwe. Kijana yule nilikuwa nimeshaanza kumzoea. Kama alikuachia neno, neno lolote lenye maana la kunieleza kwa nini ameondoka, liseme hapa. Nitamngoja mpaka mavuno yajayo, na Kibwana atanisamehe. Neno moja tu, mwanangu."

Neno lilikuwepo. Lilikuwa limekaa juu ya ulimi, limeshaiva. Shamsia aliinua macho chini ya kanga akamwona Lukasi. Lukasi alikuwa ameacha kutafuna, kwa kuwa kutafuna hupiga kelele ndani ya kichwa na kumzuia mtu asisikie vizuri.

"Naomba nikuambie wewe peke yako, mjomba."

"Mimi peke yangu ni nani?" mjomba aliuliza kwa upole. "Mimi ndiye ukoo. Ukiniambia mimi umewaambia wote."

Pale mlangoni mzee Ahmadi alijisogeza kwenye mkeka, akairekebisha shuka yake. Hakuna aliyebisha kwamba alichosema Hatibu ni kweli.

Mjomba alingoja. Alipoona hajibiwi, akasema ana njia nyingine, maana hataki mtoto alie kesho aseme alilazimishwa. "Ukimkataa Kibwana kwa ajili ya yule, sema hapana. Nitatuma vijana sasa hivi. Msafara wenye mizigo hauendi mbali, watawakuta njiani. Wamrudishe, na huyo Mzungu wake akitaka naye aje, kijana aseme mbele yetu anakutaka au hakutaki."

Hapo ndipo nguvu zilipomwisha Shamsia. Kwa sababu angerudi. Hilo hakuwa na shaka nalo, na hilo ndilo lililomtisha. Akiambiwa tu kwamba Shamsia amesema hapana, Mwinjuma angetupa furushi, angekuja mbio, Nguru na uongo wake wote angeuacha njiani. Na nyuma yake angekuja Bwana Manyoya na bunduki na kitabu chake, akijiuliza kwa nini mtu anayejua ndege yuko Nguru anakimbilia Bigwa. Angeinua macho tu auone msitu.

Angempata mume wake kwa neno moja. Na kwa neno hilo hilo angempeleka bomani, akawaamsha mabibi kwa baruti.

Mwalimu wa chuo alisafisha koo. Alieleza, kwa ajili ya wasiojua, kwamba sheria ya bikira ni nyepesi, haimtii haya. Asiyetaka, hutamka. Anayetaka huona aibu, hunyamaza, na kimya chake ndiyo idhini yake.

"Shamsia binti Ahmadi," akasema, "unaridhika uozwe Kibwana wa Mwembesongo?"

Mama yake alimkazia macho. Mjomba naye alimtazama, na usoni mwake palikuwa na kitu kinachofanana na ombi, kana kwamba mzee yule mwenyewe angependa kusikia hapana, apate sababu ya kuwatuma vijana.

Shamsia alikunja midomo ndani, akaishika kwa meno.

Mwalimu akauliza tena, polepole zaidi, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupita. Machozi yalimtoka Shamsia yakashuka mpaka kidevuni, na wanawake wakanong'onezana kwamba ndivyo inavyokuwa, hata wao walilia.

"Alhamdulillahi," mwalimu alisema. "Ameridhika."

Vigelegele vikapanda hadi mlimani. Mama yake akamkumbatia, mshenga akapangusa jasho, mzee Ahmadi akapeana mikono na watu kama mtu aliyealikwa. Mjomba Hatibu aliwaambia watu watazame malezi: binti mwingine angeropoka hapa, huyu kanyamaza kama mama zake walivyonyamaza. Lukasi akarudi kwenye pilau, akaomba aongezewe nyama.

Bi Asia peke yake hakupiga kigelegele. Alikuwa ameketi nyuma ya Shamsia, yeye aliyemfundisha muda wote ule wa giza kwamba ulimi wa mwanamke ni wa kufungwa. Yote ya kijitoni aliyasikia, maana maneno hushuka na maji. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na alikuwa anajiinua, mkono mmoja chini, mwingine umenyooka kumwelekea Hatibu, kinywa kimeshafunguka.

Shamsia aliupeleka mkono wake nyuma, akaushika wa somo wake, akaviminya vidole vyake kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, mpaka mwanamke mzima yule akakaa chini, akafunga kinywa.

Kisha wengine nao wakaletewa maji wanawe, wale pilau ya posa.